Ethi Iliyokauka Chini ya Saruji

Weka bisibisi chini kidogo, mwanangu, uvute hilo kasha la nyaya ulikalie. Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa stoo, nikapewa mkono na saa ya ukutani, na sasa nina nafasi ya kusema bila kuitwa na mtu. Sitakusimulia vyeo nilivyopanda wala mshahara. Vyeo havina cha kukufundisha, na mshahara umekwisha. Nitakusimulia waya mmoja tu, ule usiowasha taa wala kuchemsha birika, ambao kila mwenye nyumba atakuuliza kwa nini unapoteza muda nao. Ni waya wa ardhi. Sisi mafundi tunauita ethi.

Nilianza kazi Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa nimetoka Rungwe na cheti cha shule ya misheni na jozi moja ya viatu nilivyovaa kanisani tu. Siku ya kwanza nilifika kazini peku, viatu nimevifunga kwenye kitambaa ili visichakae. Kampuni ya umeme ilinikabidhi kwa Fundi Ramzani, mtu wa Pangani aliyekaa bara miaka mingi hata akawa anasalimia kwa Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Alikitazama kile kitambaa, akacheka.

“Hivyo viatu unamtunzia nani?”

“Ni vya kanisani, Fundi.”

“Vivae. Mungu haangalii miguu, lakini umeme unaangalia.”

Nikavivaa. Kisha akaniuliza, “Umeme unatoka wapi?” Nikajibu kwa haraka ya mwanafunzi, “Kwenye jenereta.” Akasema, “Vizuri. Na unakwenda wapi?” Akanitwisha ngazi na kuniambia, “Fikiri hilo mpaka jioni. Fundi asiyejua unakokwenda atakutana nao njiani.”

Nikueleze kama alivyonieleza, maana sijapata maelezo bora kuliko hayo. Umeme unaingia nyumbani kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukiwa njiani unafanya kazi zako, unawasha taa, unapasha pasi. Sasa siku moja waya wa moto, ule unaoleta umeme, ndani ya pasi unachubuka na kugusa bati lake. Umeme umetoka njiani, unatafuta pengine pa kurudi, na ardhi ni njia. Kama ethi ni nzuri, umeme unamwagika ardhini kwa kishindo, fyuzi inaungua, nyumba inaingia giza, watu wanalalamika, na wote wako hai. Kama ethi ni mbovu, fyuzi haiungui. Pasi inaendelea kuwa moto, taa zinaendelea kuwaka, na lile bati linakaa na umeme wake likingoja mtu. Mtu huyo ndiye atakuwa ethi.

Nyumba za zamani tulizozikuta Mbeya na Iringa zilijengwa kabla umeme haujafika, kwa matofali mabichi na kuta nene kama za ngome. Nyaya ziliingizwa baadaye na watu wenye haraka. Nilikuta ethi imefungwa kwenye msumari uliogongwa ukutani, na ukuta wenyewe ni udongo mkavu. Nilikuta nyingine imefungwa kwenye bati la paa, hivyo pasi ikiharibika jikoni, atakayekinga maji ya mvua nje ndiye atakayejua. Katika nyumba moja ya afisa wa kigeni, waya ulitoka dirishani kwa adabu na kuishia ndani ya chungu cha maua. Maua yalikuwa na afya nzuri.

Kila tulipoonyesha ubovu huo, tulijibiwa swali lile lile: “Taa zinawaka?” Ukisema zinawaka, unaambiwa, “Basi.” Neno hilo nalichukia mpaka leo. Taa hazina habari na ethi. Nyumba inaweza kuwaka taa zote kama siku ya sikukuu na bado ikawa mtego.

Kampuni yetu nayo haikuwa na nafuu. Ilikagua ethi kwa taa ya majaribio, yaani glopu moja kwenye kishikizo chake, yenye nyaya mbili. Waya mmoja unagusishwa kwenye umeme, mwingine kwenye ethi. Glopu ikiwaka, msimamizi anaandika kwamba ethi ipo, tunapanda lori. Fundi Ramzani alikuwa akitema mate chini kila alipoona hivyo. “Glopu inashiba kwa kijiko,” alisema. “Fyuzi haiungui mpaka uimiminie sufuria nzima. Mtu akishiba kijiko, utasema sufuria imejaa?”

Na tulikagua lini? Hili sikiliza vizuri. Kiangazi lori lilikwenda kwenye mashamba ya walowezi, kwa sababu barabara zilikuwa kavu. Masika barabara zikawa tope tupu, lori haliendi popote, kwa hiyo msimamizi alituweka mjini tukague nyumba. Umeme hupita kwenye udongo uliolowa, mkavu haupitishi; nasi miaka yote hiyo tulipima ardhi ilipokuwa imelowa chapachapa, na kuiacha ijitegemee miezi ambayo haina tone. Nilipomuuliza msimamizi kama haoni kasoro hapo, aliniambia ratiba ni ratiba.

Fundi Ramzani hakuweza kubadili ratiba, ila aliweza kuchagua mahali pa kupigilia fimbo ya ethi, ile ya chuma inayoushusha waya ardhini. “Usiitazame ardhi ya leo,” alinifundisha. “Uliza maji ya nyumba hii yanamwagwa wapi mwaka mzima.” Kwa wakulima wa milimani nje ya Mbeya tuliipigilia nyuma ya jiko, kwenye migomba, ambako maji ya vyombo humwagwa. Katika nyumba za Waislamu wa mjini tuliipigilia ndani ya ua, kando ya jiwe wanapotawadhia. Alipenda sana mahali hapo. “Watu hawa wanaswali mara tano,” alisema. “Unamjua mhandisi gani atakayekuja kumwagilia ethi yako mara tano kwa siku?”

Ndivyo tulivyofanya Iringa, nyumbani kwa Mzee Salehe, mfanyabiashara wa nguo. Nyumba ilikuwa ya zamani sana, karibu na soko. Tulipomaliza, Fundi Ramzani alimshika mkono mwenye nyumba akampeleka mpaka kwenye lile jiwe. “Mzee, maji ya udhu yasihame hapa. Yakihama, tuite.” Mzee Salehe akaitikia. Mimi nilikuwepo, nimeshika nyundo.

Baada ya muda Fundi Ramzani alirudi kwao Pangani, macho yakiwa yamefifia, na mimi nikahamishiwa Iringa kwa miaka kadhaa. Masika moja tukaenda kukagua kwa Mzee Salehe. Glopu ikawaka, nyeupe kabisa. Kulikuwa na mifuko ya saruji imepangwa barazani, nami nikaikalia nikaletewa kahawa na kashata.

“Ua wote tunaupiga saruji, Amba,” Mzee Salehe akaniambia kwa furaha. “Mwanangu anaoa kiangazi hiki. Na pa kutawadhia tunapahamishia kule mlangoni, kwa mabomba. Wageni wasikanyage tope.”

“Hongera, Mzee,” nikamwambia.

Nilisema hivyo tu. Nilikuwa najua siri ya lile jiwe, na nilikuwa nimeikalia saruji yenyewe, lakini kahawa ilikuwa tamu na lori lilikuwa linapiga honi. Nikipaza sauti mbele yako leo juu ya uzembe wa watu, elewa kwamba naanza na wangu.

Kiangazi kikaja. Siku tatu kabla ya harusi, mtu alikuja ofisini na ujumbe wa ajabu: kwa Mzee Salehe umeme umemchagua mtu mmoja unamng'ata, wengine unawaacha. Msimamizi alicheka mpaka akafuta machozi. Akavaa buti zake za mpira, akaniambia nichukue taa ya majaribio, tukaenda.

Ua ulikuwa umeng'aa, umetoka kuoshwa. Meza ya kupigia pasi ilikuwa mlangoni, hatua mbili kutoka kwenye mabomba mapya, na kanzu za harusi zimejaa kwenye kapu. Mama Sekela alikuwa ameketi ukutani, ameushika mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba kifaranga. Alikuwa mjane wa Kihehe aliyekaa mtaa wa Mlandege na wanawe wawili, na kazi yake ya pasi pale ndiyo iliyowaweka shuleni.

“Kamwene, Mama,” nikamsalimia.

“Kamwene, fundi. Unaona? Nafukuzwa kazi na pasi.”

“Imefanya nini?”

“Inaning'ata. Wiki ya pili sasa. Nikisema wanacheka, ati nimezoea pasi ya mkaa. Leo imenikamata mkono, haikutaka kuniacha. Nimeangukia kule.”

Bi Zuhura, mke wa Mzee Salehe, akaja kutoka ndani, mitalawanda yake miguuni ikigonga saruji ko, ko, ko. Hakuwa mtu mbaya, na nakuomba usimchukie. Alisema alichokiona. “Amba, mimi naishika pasi hiyo hiyo. Binti zangu wanaishika. Hatujapata hata mwasho. Ni yeye peke yake.”

Mgeni mmoja wa harusi, mama mwenye mikono iliyopakwa hina mpaka viwikoni, akasema bila kupunguza sauti, “Moto unamjua mtu wake.”

Hapo nikaelewa kwamba jambo limekwisha kuwa kubwa. Mtu akiambiwa hivyo katika mji mdogo, neno linafika nyumba nyingine kabla yake, na hakuna atakayempa hata sahani aoshe. Mzee Salehe alilijua hilo, naye lilimkera. “Sitaki maneno ya uchawi nyumbani kwangu,” alisema. “Mafundi wamekuja, waseme wao. Kama pasi ni nzima, basi Mama Sekela aende kwa heri, tusivunjiane heshima.”

Msimamizi akachomoa pasi, akapima kwenye soketi kwa glopu. Ikawaka, njano kama ukindu wa zamani. Mimi nikaiona ile njano. Yeye aliona kwamba imewaka. “Hiyo hapo,” akatangaza. “Ethi ipo.” Akaichomeka pasi tena, akagusa bati lake mbele ya watu wote kwa mgongo wa mkono. Hakufanywa kitu. Watu wakacheka. Akamgeukia Mama Sekela, akasema kwa sauti ya mtu anayemhurumia mtoto, “Sasa wewe, mama, njoo uishike mbele yetu. Mkono mzima. Woga ukutoke.”

Na Mama Sekela akasimama. Alijifuta viganja kwenye kanga, akapiga hatua mbili mpaka mezani, peku, juu ya saruji iliyolowa. Kabla ya kunyoosha mkono, alinigeukia mimi.

“Fundi, nikishika nikafa, ndipo watajua sikuwa mwongo?”

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Nilitazama chini kwa aibu, na kwa kutazama chini nikaona kila kitu. Msimamizi alikuwa na buti za mpira. Bi Zuhura na binti zake walikuwa na mitalawanda ya mti, kama watu wa pwani wanavyovaa uani. Mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kanisani, ambavyo kwa wakati huo vilikuwa vimekwisha sahau kanisa. Katika ua ule mzima, mtu mmoja tu alikuwa anakanyaga chini kwa nyayo zake. Na lile jiwe la udhu halikuwepo tena. Palikuwa na saruji laini, nzuri.

“Usishike, Mama,” nikasema. “Rudi nyuma. Leo glopu itasimama mahali pako.”

Msimamizi akaanza kusema kitu, sikumsikiliza. Nilichukua taa ya majaribio, waya mmoja nikaugusisha kwenye bati la pasi, palepale msimamizi alipotaka mama yule aweke kiganja. Mwingine nikaugusisha kwenye bomba la maji, linaloingia mbali ardhini, na huko kote udongo umelowa. Glopu ikawaka nyeupe, kali, hata mchana ule watu wakafumba macho.

Hakuna aliyecheka.

“Hiyo,” nikasema, “ndiyo iliyokuwa ipite mwilini mwa Mama Sekela. Ninyi hamkuumwa kwa sababu mmesimama juu ya mti, na bwana huyu amesimama juu ya mpira. Mama huyu amesimama juu ya ardhi kwa nyayo zake.”

Bi Zuhura akaitazama mitalawanda yake kama aliyeiona kwa mara ya kwanza. “Ni hii?”

“Ni hiyo, Bi Zuhura. Mti mkavu haupitishi.”

Alikwenda mpaka kwa Mama Sekela, akauchukua ule mkono ulioumwa, akaukuta una alama nyeupe mbili vidoleni. “Nisamehe, dada,” akasema. Mama Sekela akajibu, “Nilikuwa nakwambia kila siku.” Yule mgeni wa hina alikumbuka ghafla kwamba kuna sufuria jikoni.

Tulizima meni, swichi kuu ya nyumba. Mzee Salehe mwenyewe aliagiza sururu, saruji ya harusi ikapasuliwa. Chini yake, fimbo yetu ilikuwa imesimama wima kama tulivyoiacha, na udongo kuizunguka ulitoka mkavu kama unga wa ulezi. Niliumwaga kiganjani, nikaona sina pa kujificha.

“Mzee, nilijua. Fundi Ramzani alisema mbele yangu. Masika nilikalia mifuko yako nikakwambia hongera.”

Mzee Salehe naye akauchota udongo ule. “Basi siku nyingine, Amba,” akasema, “usinipongeze.”

Tulifungua pasi, tukakuta waya wake umechubuka pale unapoingilia, umelalia bati. Tuliunga ethi kwenye bomba la maji, kisha tukapigilia fimbo mpya nje ya ukuta, ambako maji ya udhu yalikuwa yakitokea kwa mfereji. Nilipima tena, nikapima tena. Kanzu zote zilipigwa pasi, harusi ikafanyika, na Mama Sekela alikula pilau akiwa ameketi mkekani pamoja na wenye nyumba. Bi Zuhura alimpa jozi ya mitalawanda, ingawa hakuihitaji tena. Mama Sekela aliniambia inamfanya atembee kama mbuzi juu ya bati.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Siku ya pili baada ya kupasua ile saruji, msimamizi aliniwekea karatasi ya taarifa niitie sahihi kama shahidi. Alikuwa ameandika kwamba ethi ilikutwa ipo, na kwamba mtumishi alishika pasi kwa mikono yenye maji. Niliisoma mara mbili. Mwanamke aliyesema kweli wiki mbili, akachekwa, akaitwa mwoga, nusura aitwe mchawi, nusura afe ili tumwamini, sasa alikuwa ameandikwa kuwa ndiye kosa.

“Si mikono,” nikamwambia. “Andika miguu. Andika kwamba tulipima masika. Andika kwamba walihamisha maji na mimi nikanyamaza. Andika rangi ya glopu yako.”

“Karatasi haina nafasi ya hayo.”

“Basi na jina langu halina nafasi.”

Sikutia sahihi. Ilikwenda hivyo hivyo bila jina langu, na kwenye faili langu ikaandikwa kwamba mimi ni mkaidi. Niliahidi kutosema habari za vyeo, kwa hiyo hapo naishia. Lakini hasira haikuishia hapo, na sitaki iishe. Karatasi ile ilikuwa na mahali pa glopu, pa fyuzi, pa tarehe na pa sahihi mbili. Haikuwa na mahali pa kuuliza nani katika nyumba hii hana viatu. Tulikuwa tunakagua nyumba kwa ajili ya watu wenye viatu, tukiwaachia wengine wapime ethi kwa miili yao.

Usijidanganye kwamba mambo hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka jana tu, hapa Mbeya, mtaa wa Soweto, nimekuta ethi imefungwa kwenye nondo ya dirisha, na fundi wake kijana mwenye cheti kizuri kuliko changu. Nilipomuuliza, unajua alinijibu nini? “Mzee, taa zinawaka.” Nilikaa chini nikamweleza tangu mwanzo, kama ninavyokueleza wewe, kwa sababu kumgombeza kusingeifunga ethi. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Karibu wote mko hivyo mkielezwa, na ndiyo maana naona uchungu kwamba hamwelezwi.

Leo mna mita za kupimia ethi, jambo ambalo Fundi Ramzani angelibusu. Zitumieni, na mzitumie kiangazi. Na ukiitwa kwenye nyumba ya zamani, zima meni kwanza. Toka nje, uufuate waya wa ardhi kwa macho na kwa mkono mpaka unapoingia chini. Usipouona mwisho wake, hesabu kwamba haupo. Uliza maji ya nyumba humwagwa wapi, na kama yamehamishwa karibuni. Kisha, kabla hujaongea na mwenye nyumba, mtafute yule anayetembea peku, umuulize ni kitu gani kinamng'ata, na uanzie kazi hapo.